Muhindi Unageuka Manjano: Mupime Salfa Mbele ya Kununua Urea Ingine

Muhindi ukigeuka manjano, wengi wetu tunakimbilia urea. Mara nyingi inasaidia, kwa sababu azoti ndiyo ilikosekana. Lakini kuko mashamba ambako mufuko unaisha na majani yanabaki manjano. Feza imepotea. Pengine chenye kukosekana ni salfa, ile Wafaransa wanaita soufre. Bila salfa, mumea hauwezi kugeuza azoti yote kuwa protini.

Muangalie majani
Azoti ikipungua, majani ya zamani, yale ya chini, yanageuka manjano kwanza. Salfa ikipungua, majani machanga ya juu ndiyo yanaanza. Lakini kukosa zinki ao chuma kunaweza kufanana na hiyo. Macho peke yake hayatoshi.

Salfa inapotelea wapi?
Katika udongo wa juu, sehemu kubwa ya salfa imefungwa ndani ya mboji. Mumea hauwezi kuikula mpaka vijidudu viivunje na iwe sulfati. Kisha sulfati hiyo inashuka chini na maji ya mvua. Tukichoma mabaki ya mavuno, salfa nyingi inaenda na moshi. Na urea haina salfa. DAP ya 18-46-0 vilevile.

Karibu na Nyiragongo, moshi wa volkano unaleta salfa. Kwenye udongo mwekundu wa zamani, mbali na volkano, hatuwezi kutegemea hiyo.

Namna ya kuchukua udongo
1. Muchukue mbele ya kutia mbolea, mahali 10 mpaka 15, mukitembea zigizaga.
2. Mutumie ndoo safi ya plastiki, isiyobeba mbolea.
3. Muweke mbali udongo wa sentimeta 0–20 na ule wa 20–40. Udongo mwekundu unaweza kushika sulfati chini. Kama iko chini tu, muhindi utateseka wiki za kwanza, kisha mizizi ikifika kule utarudilia rangi yake.
4. Muchanganye vizuri, mubakize nusu kilo kwa kila kina, mukaushe mara moja kwenye kivuli. Udongo wenye maji ukikaa ndani ya mufuko, vijidudu vinaendelea kutoa sulfati, na kipimo kitadanganya.
5. Muandike jina la shamba, kina na tarehe.

Kwa labo, muombe kipimo cha sulfati ambayo mumea unaweza kuchukua, hapana salfa yote. Kwa njia nyingi, chini ya miligramu 10 kwa kilo ya udongo ni kidogo, lakini kila njia iko na kiwango chake. Muombe na pH. Agronomu wenu ao kituo cha INERA Mulungu wanaweza kuulizwa labo gani inapima. Wanamemba wenye udongo wa namna moja wanaweza kuchangia gharama.

Kama labo iko mbali
Mugawanye muhindi mistari miwili miwili. Pamoja mutie urea, pengine sulfati ya amonia, yenye azoti 21 na salfa 24 kwa mia. Kilo 1 ya urea inalingana na kilo 2.2 za sulfati ya amonia kwa azoti. Upande wa pili ukikuwa kijani zaidi, shamba limewajibu. Lakini mbolea hiyo inaongeza uchachu wa udongo. Kwa hiyo muchunge pH, na mabaki ya mavuno muyarudishe shambani, musiyachome.