Impidansi ya Ingizo na Usahihi wa Vipimo vya Volteji katika Virekodi Data: Mazingatio kwa Mwambao wa Rumonge, Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi impidansi ya ingizo ya kirekodi data inavyopunguza volteji inayopimwa. Kwa mifano ya hesabu kuhusu kina na pH ya maji katika mwambao wa Rumonge, yanaonesha kwamba kosa hili laweza kudhaniwa kuwa badiliko la ziwa lenyewe. Yanapendekeza masharti ya ununuzi na uhakiki wa vifaa.

1. Utangulizi

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufurika makazi ya mwambao wa Burundi, Rumonge ikiwemo. Uamuzi kuhusu mahali pa kujenga nyumba, barabara na magati hutegemea kumbukumbu za kina cha maji za miaka mingi. Siku hizi kumbukumbu hizo hukusanywa na kirekodi data, ambacho hakipimi kina moja kwa moja, bali volteji inayotolewa na kihisi.

2. Msingi wa kosa

Kila kihisi kina ukinzani wake wa ndani (Rs), na kila kirekodi kina impidansi ya ingizo (Ri). Kirekodi kinapounganishwa huvuta mkondo mdogo wa umeme, na sehemu ya volteji hupotelea ndani ya kihisi. Kinachosomwa ni:

V = Vs × Ri / (Ri + Rs)

Vs ni volteji halisi. Kadiri Ri inavyoizidi Rs, ndivyo kosa linavyopungua. Ikiwa Ri ni mara 100 ya Rs, kosa hukaribia asilimia 1; ikiwa ni mara 1,000, hukaribia asilimia 0.1.

3. Mfano wa kina cha maji

Tuchukue kihisi cha kanieneo kinachotoa volti 2.5 kwa kina cha mita 5, chenye Rs ya kiloomu 1. Kwenye kina cha mita 4 hutoa volti 2.00. Kirekodi chenye Ri ya kiloomu 100 kitasoma volti 1.98, yaani mita 3.96.

Upungufu wa sentimita 4 waonekana mdogo. Hata hivyo, kwa ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 32,900, sentimita 4 ni sawa na kilomita za ujazo 1.3 za maji. Hatari kubwa zaidi hutokea kirekodi hicho kinapobadilishwa kwa kingine chenye Ri ya megaomu 10: kumbukumbu zitaonesha ziwa limepanda sentimita 4 siku hiyo hiyo, ilhali kilichobadilika ni kifaa.

4. Mfano wa pH

Elektrodi ya kioo yaweza kuwa na ukinzani wa megaomu 100. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, hutoa takribani milivolti 59 kwa kila kizio kimoja cha pH, kuanzia sifuri kwenye pH 7. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Elektrodi hutoa takribani milivolti 118 hasi. Kirekodi cha megaomu 10 kitasoma takribani milivolti 11 hasi tu, sawa na pH 7.2. Ziwa lenye maji ya alikali litaandikwa kuwa karibu vuguvugu la kati, si asidi wala alikali. Hapa huhitajika amplifaya maalumu yenye impidansi ya takribani omu trilioni 1. Aidha, unyevu kwenye viungio vya nyaya hupitisha mkondo na kuishusha impidansi hiyo. Kwa hiyo viungio vya ufukweni sharti viwe vikavu na vimezibwa.

5. Uhakiki wa mahali pa kazi

Fundi apime betri kavu, kisha aunganishe rezista ya kiloomu 100 kati ya betri na kirekodi, apime tena. Usomaji ukishuka kwa nusu, Ri ni kiloomu 100. Ukishuka kwa asilimia 1, ni takribani megaomu 10.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kosa hili hulingana na volteji yenyewe, hivyo kuongeza idadi ya vipimo na kutafuta wastani hakuliondoi. Inapendekezwa kwamba:

(a) hati za zabuni zitaje Ri ya chini kabisa inayokubalika kwa kila aina ya kihisi;

(b) Rs na Ri ziandikwe pamoja na kila kumbukumbu;

(c) kirekodi kipya kifanye kazi sambamba na cha zamani kabla ya kukirithi.

Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa hili mwaka 2003. Takwimu za nchi hizo nne haziwezi kulinganishwa kwa haki iwapo kila kifaa kinapunguza volteji kwa kiasi chake.