Kiu ya Hewa na Majani ya Kilolo

Msafiri atokaye Ruaha Mbuyuni, bondeni mwa mto Ruaha Mkuu penye mibuyu na mashamba ya vitunguu, akapanda milima mpaka Kidabaga penye chai, viazi na misonobari, huwa hajatoka katika wilaya ya Kilolo, walakini amekwisha kuhama tabia moja ya nchi na kuingia nyingine. Na mabadiliko hayo, ambayo yeye huyahisi kwa ngozi yake, majani ya mimea huyahisi zaidi.

Aghalabu twadhani kwamba mmea hunywa kwa kadiri ya maji yaliyomo udongoni. Hiyo ni nusu ya habari. Ndani ya jani hewa hukaribia kushiba mvuke, na hewa ya nje ikiwa pungufu, mvuke hutoka kupitia matundu madogo mno yaitwayo stomata. Sehemu kubwa kabisa ya maji yavutwayo na mizizi, zaidi ya asilimia 90, huishia hewani kwa njia hiyo. Wala si israfu, maana safari hiyo hulipoza jani na kupandisha madini ya ardhini, na matundu yayo hayo ndiyo yaingizayo kaboni dioksidi, ambayo mmea hujitengenezea chakula.

Hapa ndipo asilimia za unyevu zinapoweza kutuhadaa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi, tuseme ya mlimani, hushiba kwa gramu 13 hivi za mvuke, bali ya nyuzi 30, tuseme ya bondeni, hutaka gramu 30. Basi unyevu ukiwa asilimia 60 mahali pote pawili, hewa ya mlimani imepungukiwa na gramu 5 tu, na ya bondeni gramu 12. Upungufu huo, wala si asilimia peke yake, ndio ulitozao jani kodi ya maji.

Mmea haukuachwa bila hifadhi. Kila tundu limezungukwa na seli linzi mbili, ambazo zikijaa maji huvimba na kulifungua, na zikipungukiwa hulegea na kulifunga. Hewa inapokauka, matundu hujibana hata kabla udongo haujakauka, na mmea ulioziba matundu umejinyima chakula pia. Watafiti wa chai nchini Malawi walibaini kwamba katika miezi ya joto kabla ya mvua machipukizi hudumaa kwa ukavu wa hewa, ijapokuwa shamba limenyweshwa vya kutosha. Kadhalika katika vinyungu vyetu, yaani bustani za mabondeni, mwezi wa Oktoba, mboga huweza kulegea adhuhuri hali udongo ungali na unyevu. Na anayezidisha maji juu ya maji huinyima mizizi pumzi yake, hali dawa ingekuwa kungojea jioni aone kama majani yatasimama yenyewe.

Hewa iliyoshiba nayo ina taabu zake. Usiku wa ukungu mvuke hautoki, mizizi ikaendelea kusukuma maji, yakachuruzika kwenye kingo za majani, na asubuhi watu wakayadhania umande. Kalisi (madini ya chokaa) isafiriyo pamoja na maji hupungua kufika kwenye majani machanga, yakaungua ncha. Zaidi ya hayo, jani likaalo na maji kwa saa nyingi ni makaribisho ya ugonjwa wa baka jani, adui mkuu wa viazi vya nyanda za juu.

Kwa hiyo nawasihi wakulima wa Kilolo: mnaolima viazi milimani, acheni nafasi baina ya mashina ili upepo upite na kuyakausha majani, nanyi mnaolima vinyungu, funikeni udongo kwa nyasi, mwagilieni alfajiri, wala msiikate miti inayouvunja upepo wa kiangazi.