Jina Lililochapwa Kwenye Kipulizio Halimtambulishi Fundi

Swali ambalo wamiliki wa klarineti kongwe hawachoki kuwauliza wataalamu, yaani kama kipulizio chenye jina la Chedeville au Kaspar ni kazi halisi ya fundi huyo kwa kuwa jina linasomeka, limejengwa juu ya dhana potofu kwamba kipande hicho cha kushikwa mdomoni hutoka katika mkono mmoja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kiwanda kimoja kiliandaa kipande ghafi cha ebonaiti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa hadi ukawa mgumu, kisha fundi mwingine akakichonga na kukichapa jina lake, au duka la ala likachapa la kwake bila kuchonga chochote. Frank Kaspar wa Chicago alimalizia vipande ghafi vya Chedeville, ukoo wa mafundi wa Ufaransa. Kiwanda cha Babbitt huko Elkhart, Indiana, kimezalisha vipulizio vilivyouzwa kwa majina ya kampuni nyingi. Zinner wa Ujerumani naye amewauzia mafundi wengi vipande ghafi. Na leo jina la Chedeville lenyewe linachapwa kwenye vipulizio vipya kabisa.

Hata jina likiwa la kweli, kazi ya fundi huenda imeshafutika, kwa kuwa uwazi wa ncha, yaani nafasi kati ya ncha ya kipulizio na ulimi wa tete, hukaribia milimita 1 tu, na msasa wa mtu asiyejua ukiondoa sehemu chache za mia za milimita, mwitikio wa sauti hubadilika. Anayedai bei kubwa kwa herufi peke yake anampotosha mnunuzi. Rangi ya kijani-kahawia nayo haithibitishi lolote kuhusu fundi: mwanga na hewa huchakaza uso wa ebonaiti yoyote, ndiyo maana palipofunikwa na kibanio cha ulimi mara nyingi hubaki peusi.

Anayetaka kutambua apime tundu la chini kwa kalipa, apime mpindo wa uso kwa kioo bapa na vibati vyembamba vya kupimia nafasi, amulike chumba cha ndani atafute alama za patasi, alinganishe umbo la herufi na vielelezo vyenye historia inayojulikana, aoshe kwa maji baridi kwani ya moto huipinda na kuibadilisha rangi ebonaiti, na msasa asiuguse.