Elaphrosaurus wa Tendaguru na Utata wa Nasaba Yake

Miamba yenye dhahabu ya Geita na ya Kahama, mkoani Shinyanga, iliumbika zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla hata ya kuwapo mnyama yeyote duniani, ilhali mwamba wa almasi wa Mwadui ulipanda kutoka chini ya ardhi katika kipindi cha Eoseni, baada ya dinosaria kutoweka na kuwaacha ndege kuwa wazao wao pekee. Kwa hiyo mchimbaji wa ukanda huo, ashuke kina kiasi gani, hawezi kutarajia visukuku vya dinosaria, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe.

Visukuku hivyo viko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako msafara wa Wajerumani, kwa jasho la mamia ya vibarua Waafrika, ulichimba kati ya 1909 na 1913 na kupata, miongoni mwa majitu ya zama za dinosaria, kiunzi cha dinosaria mwembamba wa meta 6 hivi, mwenye shingo ndefu na miguu ya kukimbilia. Mtaalamu wa visukuku wa msafara huo, Werner Janensch, alimwita Elaphrosaurus bambergi mwaka 1920.

Kumpa jina kulikuwa rahisi kuliko kumpatia ukoo, hasa kwa kuwa fuvu halikupatikana. Kwa miongo mingi wataalamu kadhaa, wakitazama miguu ile, walimweka pamoja na onithomimidi, dinosaria waliofanana na mbuni na walio karibu kinasaba na ndege. Lakini uainishaji wa kisayansi hufuata asili ya pamoja, na miguu mirefu inaweza kutokea katika koo mbalimbali zinazoishi kwa mbio. Ndiyo maana uchunguzi wa mifupa mingine ulimhamishia kwa seratosaria, tawi la kale lililoachana mapema na lile lililozaa ndege. Mwaka 2016 wataalamu wa visukuku Oliver Rauhut na Matthew Carrano, baada ya kukipitia upya kiunzi chote, walimweka katika noasauridi, kundi la seratosaria wembamba ambao wengi wao walikuwa wadogo.

Jamaa yake wa karibu ni Limusaurus wa China, aliyetangazwa mwaka 2009, mnyama wa chini ya meta 2 ambaye alizaliwa na meno, akayapoteza alipokua, akabaki na mdomo mgumu kama wa ndege. Huu ni ushahidi mzito kwamba sura ya ndege ilijitokeza zaidi ya mara moja.

Kiunzi cha Tendaguru kiko Berlin hadi leo, na ni haki ya wanafunzi wa Tanzania kuwekewa angalau nakala yake kamili nchini mwao.