Mtoto Akikataa Masomo, Tuulize Wanamwita Nani Kule



Kila mama anajua tumbo la siku ya kwanza. Mtoto alishinda vizuri yenga yote, alikula bugali na sombe, alicheza na wenzake mpaka giza. Asubuhi ya siku ya kwanza, wakati wa kuvaa nguo za masomo, tumbo linauma. Tunamshika kwenye paji, homa hakuna. Saa nne tumbo limepona. Kesho yake linarudi. Wengi wetu tunasema ni uvivu, au tunatafuta dawa ya minyoo. Sisi tunaofundisha, ambao pia ni mama, tunaona upande wa pili wa tumbo hilo: mara nyingi mtoto haogopi hesabu wala kifaransa. Anaogopa jina.

Hapa Bukavu majina hayo hayakosi. Mtoto ambaye mama yake anauza samaki anaitwa Sambaza. Yule anayesaidia nyumbani kupima makala anaitwa Makala. Mwenye kushuka kutoka mlimani wakati wa mvua, viatu vimejaa tope, anaitwa Potopoto, kana kwamba Kadutu nzima haina tope. Yule aliyefika juzi kutoka Walungu, kifaransa chake kikiwa bado na sauti ya Mashi, kalasi nzima inacheka kabla hajamaliza sentensi. Baada ya mara tatu au ine hanyoshi tena mkono. Mwalimu anaandika kwenye buletini kwamba mtoto hashiriki, na sisi nyumbani tunamgombeza juu ya buletini.

Tuelewane vizuri. Si kila ugomvi ni uonevu. Watoto wawili wakipigania mpira wakati wa mapumziko, kisha saa sita wanagawana kipande cha muwa, hayo ni maisha ya watoto, tuyaache. Dan Olweus, mtaalamu aliyefanya kazi Norwe, ndiye alifundisha dunia kutofautisha. Mwaka 1982 watoto watatu wa kiume walijiua katika nchi hiyo, na ikaonekana kwamba wenzao walikuwa wanawatesa masomoni. Mwaka uliofuata Serikali ikaanzisha kampeni katika masomo yote. Olweus aliweka alama tatu: jambo linafanywa kwa kusudi, linarudiwa rudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoisahau. Tunamwambia mtoto, « Na wewe umtukane! » Angeweza, angekuwa amekwisha kufanya hivyo.

Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti iliyokusanya habari za nchi nyingi: karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Wale wanaoonewa mara kwa mara hujiona wageni katika masomo yao karibu mara tatu zaidi ya wengine, na hukosa masomo zaidi ya mara mbili. Ndilo lile tumbo la siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo halipendwi kusemwa katika mikutano. Watoto hawabuni dharau peke yao. Wanaiokota mahali fulani, na mara nyingi mahali penyewe ni mstari wa asubuhi.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Serikali hayalipishwi. Lakini mtoto akimaliza mwaka wa sita na kuingia wa saba, hesabu inaanza. Ana miaka 12 au 13, umri ambao mwili unabadilika na haya ni nyingi kuliko wakati wowote. Na hapo ndipo, katika masomo mengi, jina lake linasomwa mbele ya wote: fulani, fulani, fulani, tokeni, mwende nyumbani mlete feza. Tangu vita ilipofika mjini mwetu Februari 2025, mabenki yakafungwa na biashara ikalala, orodha hizo zimekuwa ndefu. Mtoto anatoka kwenye mstari huku wenzake wakimwangalia mgongo. Akirudi siku tatu baadaye, amekwisha kupata jina jipya: Madeni. Nani alimpa jina hilo? Watoto waliitikia tu. Mkubwa ndiye aliyeanzisha wimbo.

Hatusemi kwamba waprefe wana roho mbaya. Tunajua walimu wanaoitwa N.U., wale ambao Serikali haijaanza kuwalipa, na tunajua kwamba bila feza ya wazazi wasingekula. Feza lazima itafutwe. Lakini deni ni la mzazi. Mzazi ana simu, ana mlango, ana jirani anayejua anapouza. Kumpitisha mtoto mbele ya watu ni njia rahisi, kwa sababu mtoto hawezi kujibu. Rudieni alama ya tatu ya Olweus hapo juu, mtaona inafanana na nini.

Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inataka nidhamu ya masomoni itolewe kwa utu. Wazazi wachache wanaijua. Ni vizuri kuitaja kwa jina katika mkutano. Sauti hubadilika kidogo.

Kuna jina moja ambalo hatutaliandika hapa. Ni lile wanaloitwa watoto waliozaliwa baada ya mama zao kubakwa vitani. Mji wetu unajua habari hii kuliko miji mingi: hospitali ya Panzi ipo hapa tangu 1999, na daktari Mukwege alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 juu ya kazi hiyo. Mama alitibiwa, akasimama, akaanza biashara. Lakini mtoto wake anaingia kalasi na kukuta jina la kundi la silaha likimngoja kwenye benchi. Mtoto wa miaka kumi hakujua siri hiyo peke yake. Aliisikia nyumbani, tulipokuwa tunachambua sombe na kudhani amelala. Hapo, mama wapendwa, hakuna mwalimu anayeweza kutusaidia kama ndimi zetu hazikuanza.

Je, hali ya masomo inaweza kubadilika? Hapo jirani Uganda walijaribu. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa « masomo mazuri », likaufanya katika wilaya ya Luwero. Watafiti walichukua masomo ya msingi 42. Nusu wakaanza mpango, nusu wakangoja. Walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja kuandika kanuni zao, wakajifunza kumrekebisha mtoto bila fimbo, wanafunzi wakawa na kamati yao ya kusikiliza malalamiko. Baada ya mwaka na nusu hivi waliuliza watoto: nani alipigwa na mtu mzima wa masomo katika wiki iliyopita? Kule walikongoja ilikuwa 49 kati ya 100, kule walikoanza 31. Watoto pia walisema wanajisikia salama zaidi. Alama za mitihani hazikupanda, wala huzuni za ndani hazikuonekana kupungua, na watafiti walisema hivyo wazi. Tunapenda ukweli huo. Na 31 bado ni wengi. Lakini hawakujenga ukuta hata mmoja wala kununua madawati. Walibadilisha namna wakubwa wanavyosema na watoto.

Hapa kwetu kalasi zimejaa, hasa tangu masomo ya msingi yawe bure. Benchi la watatu linabeba watano, na mwalimu hasikii kinachosemwa nyuma. Kwa hiyo masikio ya kwanza ni ya nyumbani. Swali la « umesoma nini leo? » halitoi kitu, mtoto anajibu « hesabu » na kukimbia. Tuulize: leo ulikaa na nani? Wakati wa mapumziko ulikuwa wapi? Wakikuita, wanakuita nani? Tuulize tukiwa na kazi mikononi, tukimenya viazi, bila kumkazia macho. Akisema, tusikimbilie masomoni siku hiyo hiyo na kelele, maana kesho yeye ndiye atakayebaki kule peke yake. Tumtafute kwanza madamu wa kalasi, pembeni, na tumwombe jambo dogo: abadilishe mahali pa kukaa, ampe mtoto kazi ya kushika daftari za wenzake, amkae karibu na mtoto mpole.

Na kama mtoto wetu ndiye anayewapa wenzake majina? Ni habari chungu, lakini kila anayeonewa ana mwonevu, na mwonevu naye ana mama, pengine katika MUSO hii hii tunayochanga pamoja. Fimbo haitamfundisha, ataenda kuimalizia kwa mdogo wake. Tumuulize yeye anaitwa nani, na nani anamwita hivyo. Mara nyingine jibu liko mezani kwetu.

Mikutano ya wazazi huanza na hesabu za feza na kuisha na hesabu za feza. Wale walio katika COPA waombe neno moja liongezwe: orodha ya madeni isisomwe tena kwenye mstari. Mzazi apigiwe simu, au atumiwe karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari, ambayo wenzake wa mtoto hawataisoma. Masomo yakisema hayana karatasi, MUSO inaweza kununua ramu moja kwa mwaka mzima.