Umeme wa Pikipiki Kuukuu: Ubovu Hukaa Maungioni

Kiswahili hakikuhangaika kukipa jina chombo hiki cha magurudumu mawili. Kilisikiliza mlio wake, kikauiga, na jina likakaa: pikipiki. Lakini masikio hayo yaliyotupatia jina ndiyo tunayoyasahau chombo kinapougua. Siku hizi pikipiki ikikataa kuwaka, mwenyewe hasikilizi wala haulizi. Hukimbilia duka la vipuri akanunua kitu kipya, kisichotibu akanunua kingine, mpaka mfuko unakauka na pikipiki ingali imelala.

Jambo hili si dogo hapa kwetu mwambao. Tangu Vanga hadi Lamu, vijana wengi hula jasho lao juu ya tandiko la pikipiki. Mpya ni ghali kwa anayeanza maisha, kwa hivyo wengi hununua iliyokwisha kutumika. Aghalabu ni ya cc 100, 125 au 150, iliyotoka India au China, na imepita mikono ya watu watatu au wanne. Kila mmoja amekata waya hapa na kuunga pale: huyu alitia redio, yule akatia taa za rangi, wa tatu akatia honi ya lori. Injini mara nyingi huwa bado ina nguvu zake. Kinachomtoa mnunuzi machozi ni umeme.

VIPURI VIWILI VYA BURE

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kisauni alinunua pikipiki ya namna hiyo kwa shilingi 45,000. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yake, na nusu alikopeshwa na mamake kutoka katika zamu yake ya mchezo wa kina mama. Kabla ya miezi miwili kupita alikuja barazani kwangu uso umemshuka.

"Ami, nimechoka," akaniambia. "Asubuhi yawaka, adhuhuri nikiizima haiwaki tena. Nikibonyeza stata yalia tak, basi. Kwa teke mara yakubali, mara yakataa. Nimeshanunua betri mpya. Nimeshanunua rektifaya. Sasa naambiwa ni koili za ndani ya injini, na pesa sina. Kuna mtu ataka kuninunulia kwa kilo, kama chuma chakavu."

"Na aliyekwambia ununue hivyo vitu alipima nini?" nikamwuliza.

"Hakupima, Ami. Alitazama tu."

Nikafuatana naye hadi Majengo, kwa mzee mmoja ambaye tangu ujana wake kazi yake ni umeme wa magari. Mzee huyu hana duka. Ana kivuli cha mwembe, kigoda, mita ndogo ya kupimia volti, kipande cha msasa, na taa ya majaribio aliyoitengeneza mwenyewe kwa glopu ya indiketa na waya mbili. Alimwitikia kijana salamu, kisha hakugusa chochote. Aliuliza. Taa ya mbele hufifia ukibonyeza stata? Honi hulia kwa sauti ile ile injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma? Ilianza lini, baada ya mvua au baada ya kurekebishwa kitu? Kijana akakumbuka kuwa aliyemuuzia alikuwa ameipaka rangi mpya ili ipendeze.

"Ahaa," mzee akasema, akashika mita.

Kwanza alipima betri. Ikasoma volti 12.6, nayo ndiyo hesabu ya betri iliyoshiba. Akamwamuru kijana abonyeze stata. Ikalia tak, na mita ikashuka kidogo tu. Akatueleza: betri iliyochoka ingeporomoka sana hapo, kwa kuwa stata hula umeme mwingi. Hii haikuporomoka, maana yake umeme una nia ya kutoka lakini umezuiliwa njiani.

Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Bonyeza tena." Mita ikaruka ikapita volti 5. Mzee akacheka. "Hapa haikufaa kupita nusu volti. Mwizi wako yuko baina ya vidole vyangu viwili hivi."

Ilivyo ni kwamba umeme ni kama mtu aliyetumwa: akienda lazima arudi. Huenda kwa waya wa chanya, ukafanya kazi, kisha hurudi betrini kwa kupitia chuma cha injini na waya mnene wa hasi uliokazwa kwa skurubu. Watu wote huitazama njia ya kwenda, na wachache huikumbuka njia ya kurudi. Waya wa kijana ulikuwa umekazwa juu ya ile rangi mpya, na pembeni yake kumeota kutu ya kijani. Asubuhi palikuwa na mguso kidogo. Joto na mtikisiko wa mchana vikauondoa.

Mzee akafungua skurubu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka mafuta ya Vaseline juu. Stata ikazungusha injini kwa mguso mmoja. Injini ikinguruma kwa mwendo wa wastani akapima betri tena: volti 14.1. Inayotakikana ni baina ya 13.5 na 14.5 hivi, basi koili za ndani ambazo kijana aliambiwa anunue zilikuwa nzima. Mzee akaomba ile rektifaya ya zamani, akaifunga mahali pake. Mita ikasoma vile vile. Kijana akanyamaza. Nilimwona akihesabu kwa vidole ni siku ngapi amebeba watu ili kulipia vitu viwili ambavyo havikuwa na kosa.

NJIA YA KUTAFUTA

Sisi tunaotunga mashairi tunaijua kazi hii kwa jina jingine. Ubeti ukichechemea hatuutupi wote. Twahesabu mizani moja baada ya moja tangu mwanzo wa mshororo, mpaka tufike penye upungufu, na aghalabu huwa ni silabi moja tu. Umeme wa pikipiki nao una utaratibu wake, na mwenye kuufuata hupotea kwa nadra.

Anza na betri. Ikisoma volti 12 au chini yake huku imepumzika, ijaze kwanza ndipo uilaumu. Vichwa vyake visiwe na unga mweupe wala kulegea. Kisha fyuzi: itoe, itazame, na vikono vyake visafishe. Kisha swichi, ikiwemo ile nyekundu ya kuzimia iliyo mkononi. Kisha maungio yote, moja moja, ya kwenda na ya kurudi. Kisha washa injini upime chaji. Volti zisipopanda, ndipo utazame koili za ndani na rektifaya. Zikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, nayo itachemsha betri na kuunguza glopu. Kununua kipuri ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Hapa mwambao tuna adui wetu wa ziada, chumvi ya bahari. Upepo wa kusi huipeperusha, mvua za mwaka huilowanisha, nayo huingia ndani ya soketi za waya na kuila shaba taratibu. Waya kwa nje huonekana mzima. Ndiyo maana fundi mzuri huku kwetu huchomoa soketi, husafisha, hupaka mafuta kidogo, kisha huirudisha.

Mahali pengine pa kuchunguza ni shingo ya pikipiki. Bunda la waya hupita hapo na hukunjwa kila unapopiga kona. Baada ya miaka nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya plastiki ikiwa salama. Dalili yake ni wazi: ukigeuza usukani kushoto taa inazimika, ukirudisha inawaka. Wako wanaosema chombo cha namna hiyo kina shetani. La hasha, kina waya uliokatika.

FYUZI YA KARATASI

Liko jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia. Fyuzi ikiungua, wako wanaokunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya wakakitia pale pale. Taa huwaka, na mwenyewe huona ameerevuka. Fyuzi imewekwa ife ili waya zisife. Ukimwondoa mlinzi huyo, umeme ukipotea njia utaendelea kupita mpaka waya zishike moto, na tangi la petroli liko juu yake, baina ya mapaja ya mpanda. Ikiwa fyuzi iliyoandikwa ni 10, tia 10. Ikiungua tena, tafuta waya uliochubuka unaogusa chuma.

Tena, kabla ya kugusa waya wowote mnene, fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri, na uwe wa mwisho kurudishwa. Spana ikigusa chuma wakati huo, hakutaruka cheche. Wala usikosee ukageuza chanya kuwa hasi unapofunga betri. Rektifaya yaweza kufa papo hapo.

Kwa anayetaka kununua pikipiki iliyotumika, nasaha yangu ni fupi. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, kabla mwenyewe hajaiwasha moto. Fungua swichi ujaribu taa, honi, indiketa na taa ya breki, kimoja kimoja, kisha vyote pamoja. Geuza usukani huku na huku. Inua tandiko utazame waya. Ukiona zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, jua kuna matengenezo yanakungoja, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Ukiona rangi mpya inameremeta kila mahali, uliza imefunika nini. Chukua mita pia, kwani bei yake ni ndogo kuliko betri moja iliyonunuliwa kwa kubahatisha.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mpanda pikipiki, ufa ni ule ukungu wa kijani ulio chini ya skurubu moja, na ukuta ni mkopo wa mama usiolipika. Dawa yake ni kipande cha msasa na subira ya kupima kabla ya kununua.