LAFUDHI ZETU ZIMETOKA WAPI? Tusichekane kwa Ndimi Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na kumjaalia kusema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, tunapenda kuanza na jambo lililotokea darasani kwetu. Tulipata mwanafunzi mgeni, aliyehamia Tanga na wazazi wake kutoka bara. Siku ya kwanza aliposimama kusoma Suratul Faatiha, alipofika kwenye neno "alladhina" alitamka "allazina". Darasa zima likaangua kicheko. Na sisi walimu, tunasema haya kwa kujutia, hatukulikemea darasa. Tulitabasamu, tukamwambia arudie.

Kuanzia siku ile mtoto yule akawa anachezesha midomo tu bila kutoa sauti. Tukadhani ni mvivu, na tukamwambia hivyo. Baada ya majuma kadhaa mama yake akaja kutueleza kwamba mtoto hataki tena chuo, kwa sababu anaamini Qur'ani si ya watu wenye ulimi kama wake.

Maneno hayo yalituchoma. Ndiyo maana tumeona tuandike kuhusu lafudhi: ni kitu gani, mtu huipata wapi, na Uislamu unatufundisha nini juu yake.

LAFUDHI NI NINI?

Tusichanganye lafudhi na lahaja. Lahaja ni namna ya lugha yenye maneno na sarufi yake. Mtu wa Lamu akisema "mayi" badala ya maji, na "moya" badala ya moja, hajakosea, hiyo ndiyo lahaja yake ya Kiamu. Mtu wa Mombasa akisema "ndia" badala ya njia, hicho ni Kimvita. Na sisi wa huku tunacho Kimtang'ata, kinachosemwa Tongoni na vijiji vya jirani, ambacho mtaalamu Whiteley alikiandikia kitabu mwaka 1956.

Lafudhi ni namna mtu anavyotoa sauti. Watu wawili wanaweza kusema sentensi moja, kwa maneno yale yale, na ukajua huyu ni wa pwani na yule ni wa bara.

SIKIO HUTANGULIA ULIMI

Mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kubagua sauti za lugha nyingi sana, hata zile ambazo wazazi wake hawazijui. Lakini wataalamu waliowachunguza watoto wamegundua kuwa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kujifunga kwenye sauti anazozisikia kila siku. Zile asizozisikia huanza kumpotea. Akiwa mkubwa, akisikia sauti ngeni, sikio humpelekea sauti ya karibu anayoijua, na ulimi hufuata sikio.

Hivyo basi, aliyekulia katika lugha isiyo na "dh" atasema "zambi" akikusudia dhambi. Asiye na "th" atasema "selasini". Asiye na "gh" atasema "gali". Na kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi "l" na "r", wenye lugha hizo huzibadilishana bila wao wenyewe kusikia. Huo si ujinga, wala si ukaidi. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo sikio lake halilisikii.

Jambo la pili ni kwamba mtoto hufuata zaidi wenzake anaocheza nao kuliko wazazi wake. Ndiyo maana utamkuta mtoto aliyezaliwa Ngamiani au Makorora, ambaye wazazi wake wametoka Kigoma, anaongea kama mtoto yeyote wa Tanga. Waarabu walilijua jambo hili tangu zamani. Makuraishi walikuwa wakipeleka watoto wao wachanga kulelewa jangwani, na miongoni mwa faida walizozitaka ni ufasaha wa lugha. Mtume wetu (S.A.W.) alilelewa kwa Bani Saad, kwa Bibi Halima.

TANGA, MAHALI NDIMI ZINAPOKUTANA

Mkoa wetu una Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na wengineo. Chukua neno moja tu, maji. Mdigo kwa lugha yake husema "madzi", na Mzigua husema "mazi". Ni neno moja lenye asili moja, lakini kila ulimi umelibeba kwa njia yake.

Kisha wakaja wengine. Mwaka 1893 mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba makubwa, na mashamba yakahitaji watu. Wafanyakazi, walioitwa manamba, waliletwa kutoka mbali, nyanda za juu, magharibi na kusini ya nchi. Wengi wao hawakurudi. Wajukuu wao ndio majirani zetu leo, na baadhi yao ndio sisi wenyewe. Anayecheka lafudhi ya mgeni na amuulize babu yake alifikaje Tanga.

WAZIGUA WA MTO JUBA

Kisa kinachotuonesha nguvu ya ulimi wa malezi kimetokea hapa hapa mkoani kwetu. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani ya Mrima na kupelekwa kuuzwa Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Humo walizaa na wakazeeka, na wengi wakawa Waislamu, lakini walilea watoto wao kwa Kizigua.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, walikimbia. Baadhi yao walifika Tanga, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni. Fikirini, ndugu zangu, zaidi ya miaka 150 imepita, lakini wazee wa Handeni waliposikiliza wageni hawa waliweza kuelewana nao! Lugha yao ilikuwa imechanganyika na maneno ya Kisomali, kwa sababu ulimi hubeba alama ya kila mahali ulipopita. Lakini asili ilikuwa bado imo. Baadaye Serikali ikaanza kuwapa uraia katika nchi ambayo mababu zao walitolewa kwa nguvu.

Je, mtu akisikia lafudhi kama ile, acheke au amshukuru Mola?

SUHAYB NA BILAL (R.A.)

Miongoni mwa masahaba alikuwapo Suhayb, anayeitwa Ar-Rumi, yaani Mrumi. Kwa nasaba alikuwa Mwarabu. Alitekwa na Warumi akiwa mtoto mdogo, akakulia kwao, na aliporudi Uarabuni ulimi wake ulikuwa na uzito wa kigeni. Damu yake haikumpa lafudhi ya Kiarabu, malezi yalimpa ya Kirumi. Hata hivyo, Sayyidna Umar (R.A.) alipojeruhiwa, aliusia kuwa Suhayb ndiye aswalishe watu mpaka khalifa mwingine apatikane.

Ama Bilal (R.A.), mara nyingi husimuliwa kwamba hakuweza kutamka herufi "shin", akisema "sin" katika adhana. Wanafunzi jihadharini na kisa hiki. Wanazuoni, akiwemo Ibn Kathir, wamesema hakina asili. Lililothibiti ni kuwa Mtume (S.A.W.) alimchagua Bilal kuadhini kwa sababu ya sauti yake.

Na katika Suratu Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Vipi tuifanyie kejeli ishara ya Mwenyezi Mungu?

NA SISI TUNA LAFUDHI

Watu wa pwani tuna tabia ya kudhani kuwa sisi hatuna lafudhi, wenye lafudhi ni wengine. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kingeweza kuchaguliwa Kimvita, na leo watoto wa shule wangeandika "ndia".

Na tukifika kwenye Kiarabu, sote ni wageni. Herufi dhal, dhad na dha ni tatu, lakini Mswahili huzitamka zote kwa "dh" moja. Sin na swad tunazifanya "s" moja. Ain tumeiacha kabisa, tunasema "Ali" kana kwamba inaanza kwa alif. Hata neno "lafudhi" lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na mwisho wake mna herufi ambayo wengi wetu hatuitamki sawasawa! Waturuki na Waajemi husema "Ramazan", sisi tunasema Ramadhani, na Mwarabu akitusikia sote anajua kuwa hatukuzaliwa kwake.

KUSAHIHISHA SI KUCHEKA

Asije mtu akasema kwamba basi matamshi hayana maana. Katika Qur'ani yana maana kubwa. "Qalb" kwa qaf ni moyo, na "kalb" kwa kaf ni mbwa. Kwa hiyo kujifunza makharij ni wajibu wetu, na uimamu una masharti yake katika vitabu vya fiqhi. Lakini anayejitahidi hadharauliwi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa anayesoma Qur'ani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Naye Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wanasoma, wakiwemo mabedui na wasio Waarabu, akawaambia wasome, kwani kila mmoja anasoma vyema.

Kwa hiyo tunausia haya:

1. Mwanafunzi asimcheke mwenzake anaposoma. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana.

2. Mwalimu amsahihishe mwanafunzi kwa upole, na ikiwezekana pembeni. Kwanza amfundishe kusikia tofauti, kisha kutamka.

3. Mzazi asione haya watoto kujua lugha ya babu zao. Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujua Kiswahili wala Kiarabu.

Na yule mwanafunzi wetu? Tulimwomba radhi mbele ya darasa. Kisha tukamtaka kila mwanafunzi asimame atamke ain na dhad, na hakuna aliyezipata sawasawa siku ile. Hakuna aliyecheka pia. Tukakaa na mtoto yule kila siku baada ya Alasiri, tukimwonesha namna ncha ya ulimi inavyogusa ncha za meno ya juu, huku akisikiliza dhal na zay moja baada ya nyingine. Siku aliyozitofautisha kwa sikio, ulimi haukuchelewa kufuata. Sasa anasoma kwa sauti. Anapoongea Kiswahili bado anasema "zambi", nasi tumemwacha na ulimi wa kwao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie mafundo ya ndimi zetu kama alivyomfungulia Nabii Musa (A.S.), na atusafishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.